Rangi Inayowaingia Wafu

4 Machi

Mvua imeanza asubuhi ya leo, na leo hiihii nimetolewa mezani. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza ya tatu ya maabara, ile iliyo karibu na sinki, na hakuna mtu katika jengo hili anayeshika pipeti ambaye hakupitia mikononi mwangu. Kuanzia leo nakaa dirishani, kwenye chumba cha kupokea sampuli. Napokea vikopo vya kinyesi cha watoto kutoka wodini, nabandika namba, naandika saa, natia kwenye friza. Basi.

Barua imetiwa saini na mkuu wa maabara. Mkuu wa maabara ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja. Inasema kwamba friza namba mbili iliyeyuka mwezi wa kwanza na sampuli mia mbili zikaharibika kwa "uzembe wa mtumishi aliyeacha mlango wazi". Mtumishi huyo ni mimi. Mlango sikuuacha wazi. Mpira wa mlango ule ulikuwa umelika, nikamwambia mara tatu, mara ya tatu mbele ya fundi, na mara zote alinijibu, "Tutaona, wifi." Haya, ameona.

Hili ni daftari la maabara ambalo halijatumika. Kurasa zake zina namba. Kanuni ni kwamba huchani ukurasa wala hufuti. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka. Nitaandika humu kwa kanuni hiyo. Na neno langu la kwanza ni hili: aliye juu mngoje chini. Mimi nina subira.

5 Machi

Vikopo kumi na vinne. Mvua.

9 Machi

Vikopo ishirini na kimoja. Wifi amepita dirishani na wanafunzi watatu wapya. Akawaambia, "Huyu ndiye Mama Sampuli. Chochote kinachotoka kwa mtoto kinapita kwake kwanza." Wakacheka. Na mimi nikacheka, meno nje, moyoni kaa la moto. Mtu huyu alikuja hapa miaka kumi iliyopita hajui hata kuvaa glavu bila kuzichana. Nilimfundisha kila kitu, kwa sababu ni wifi yangu na kwa sababu alikuwa na akili. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

15 Machi

Jumapili, chakula cha mchana kwa mama mkwe. Wifi hakuwa na habari nyingine ila unga wake.

Ni unga mweupe wenye bakteria hai, wa aina wanaokaa matumboni mwa watoto wenye afya. Wodini kuna watoto njiti, waliozaliwa miezi haijatimia, na matumbo yao huvimba na kuoza upesi. Kila asubuhi wanachanganyiwa unga kidogo kwenye maziwa ya mama, ili bakteria wazuri wapate nafasi tumboni kabla ya wabaya. Baadaye kinyesi chao kinakuja kwangu dirishani, kinakaa kwenye friza, na kila baada ya wiki mbili mashine inasoma vinasaba na kutaja bakteria waliomo. Mashine imesema wale wa unga wamo, tele. Wifi anataka unga uende hospitali zote, na mvua zikiisha kamati ya maadili ya utafiti ndiyo itakayoamua.

"Kwa hiyo masomo yote yale, mwanangu, ni ya kuwalisha watoto wadudu?" mama mkwe akauliza.

"Wadudu wazuri, mama."

"Mbona nyinyi niliwapa bure, mlivyokuwa mnakula mchanga?"

Tulicheka wote, hata mimi. Ndipo wifi aliponisogezea bakuli la maji na kusema, mbele ya wakwe na watoto wangu, "Wifi, hebu nawa tena. Hiyo ni mikono ya dirishani."

Mume wangu alikuwa ameinamia sahani yake, anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Ni utani tu," akaniambia njiani. "Unamjua alivyo."

"Yeye namjua. Wewe ndiye hujui mimi nilivyo."

Nilimtangulia mpaka nyumbani.

16 Machi

Nimeamka na jambo. Mashine haijui nani yu hai na nani amekufa. Inasoma vinasaba tu, na vinasaba hubaki siku nyingi baada ya bakteria mwenyewe kufa. Ni sawa na mtu anayepita makaburini akisoma majina, kisha akawapikia wote hao kama wageni. Wifi anajua hilo, nilimfundisha mimi, ila kwa haraka ya kupanda ngazi hakupima. Je, kama bakteria wake wamekufa tangu kiwandani? Kama mwaka mzima anawalisha watoto maiti na kuziita dawa?

Ipo rangi ya kupimia. Niliiagiza mwenyewe miaka miwili iliyopita, na chupa yake ndogo iko nyuma ya friji ya chini, imevikwa foili kwa sababu haitaki mwanga. Unaitia kwenye sampuli, gizani, dakika kumi. Bakteria aliye hai ana ukuta mzima, rangi haipenyi. Mfu ukuta wake umetoboka, rangi inamwingia. Kisha unamulika kwa taa ya buluu, rangi inang'ang'ania vinasaba vya yule mfu, na mashine haiwezi tena kumsoma. Watakaosomwa ni walio hai peke yao. Nusu ya sampuli unaipima bila rangi, nusu kwa rangi, unalinganisha.

Leo nilibandika namba nikiimba. Fundi wa friza akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

23 Machi

Nimeanza. Nafanya saa saba mchana, wote wakienda kula. Anayebaki ni fundi wa friza tu, tunamwita Bwana Barafu, anayekula kwenye ndoo iliyofunikwa pale kwenye korido, na yeye haulizi kitu isipokuwa nimebeba nini cha kula. Nimetoa sampuli sita za watoto wa unga kutoka kwenye friza, nimeziyeyusha, nusu nimeitia rangi na kuimulika. Mikono haijasahau kitu.

24 Machi

Kumi na mbili nyingine.

25 Machi

Mvua kubwa, umeme ulikatika mara mbili. Sita nyingine hata hivyo.

2 Aprili

Zamu ya mashine imejaa, inabidi kusubiri. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo ndiyo kazi yetu. Wifi amenipita mlangoni bila salamu. Nikamfungulia mlango na kumwambia, "Karibu, Daktari." Nimeanza kufurahia kumheshimu, maana najua ninachomwandalia.

9 Aprili

Majibu yametoka. Sampuli ishirini na nne. Katika kila bakteria mia wa unga waliosomwa bila rangi, waliosomwa kwa rangi ni watatu. Watatu! Kwenye sampuli tisa hakuna hata mmoja.

Wafu, wafu watupu. Mwaka mzima, mikutano yote ile, yale mavazi ya kupigia picha, na kumbe anahesabu maiti. Nilikaa kwenye kiti changu cha dirishani nikazisoma namba zile mara nne, na sijui kama nimewahi kusoma kitu kitamu namna hii. Mwenye kovu usidhani kapoa, wifi.

Kwa haki ya daftari: sijapima kwa rangi hii kitu chochote ambacho najua kwa hakika kiko hai, cha kulinganishia. Hiyo ni kanuni. Nitafanya baadaye. Namba zenyewe ziko wazi.

10 Aprili

Nimechapisha barua kwenye duka la kuchapa, mtaa wa pili, ambako hawanijui. Kurasa mbili na jedwali. Kwa kamati ya maadili. Haina jina. Mwenye duka aliuliza, "Nikuwekee nafasi ya saini hapa chini?" Nikasema hapana, hii itajisimamia.

Nimeitia sandukuni mvua ikinyesha. Imeondoka.

17 Aprili

Vikopo kumi na kimoja. Kimya.

22 Aprili

Kimya. Wifi ameniambia nimeandika saa vibaya kwenye vikopo viwili. Kweli nilikosea. Nikamwambia samahani, Daktari.

27 Aprili

Leo!

Saa nne asubuhi walikuja watu watatu wa kamati na mwavuli mmoja. Wakaingia ofisini kwa wifi, wakafunga mlango. Nilibandika vikopo saba bila kujua ninabandika nini. Walipotoka, wifi alikuja nyuma yao amekumbatia kompyuta yake kifuani, na yule mwanamke mkubwa wa kamati akatutangazia pale kwenye korido: unga umesimamishwa kuanzia leo mpaka ithibitike kama una uhai, mkuu wa maabara atakaa nyumbani uchunguzi ukiendelea, na kwa muda huu maabara itashikwa na mtumishi mwenye miaka mingi zaidi.

Mwenye miaka mingi zaidi ni mimi.

Wifi alisimama mbele yangu kunikabidhi funguo. Nilidhani atanishuku, lakini macho yake hayakuwa kwangu hata kidogo. Alikuwa akitazama saa ya ukutani. "Unga wa kesho asubuhi watoto hawataupata," akasema, kama anayejisemea. Halafu akaniambia, "Friza namba mbili usiifungue mara kwa mara, wifi. Mpira."

Mpira! Ametamka neno lenyewe kwa mdomo wake. Nilitaka kumpigia vigelegele usoni. Nikapokea funguo kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Nimekaa kwenye kiti chake. Kinazunguka. Nimezunguka mara mbili, mlango ukiwa umefungwa, mimi mama wa watoto watatu. Sijutii hata chembe. Kwa wiki nane nilikuwa natembea na jiwe kifuani, na leo nimelitua juu ya kichwa cha aliyenitwisha.

Mume wangu amesikia habari kutoka kwa mama yake. Akaniuliza, "Wewe unajua lolote?" Nikamwambia mimi ni mtu wa dirishani, nitajua nini.

30 Aprili

Muuguzi wa wodi ya njiti, ambaye sote tunamwita Sista, amekuja mwenyewe ofisini. Analalamika. "Mama zao wananiuliza unga uko wapi. Nawajibu nini?"

"Waambie unapimwa."

"Wa kitanda cha nne hanielewi. Wake amezaliwa jana, kilo moja na robo. Jirani zake wa kitanda cha tatu na cha tano walishapata, wanaendelea vizuri. Anasema kwa nini wangu tu?"

"Ule unga umekufa, Sista. Wangekula au wasingekula ni mamoja."

Alinitazama. "Mimi si mtu wa maabara," akasema. "Mimi naona matumbo tu. Mwaka jana matumbo yalikuwa yanavimba, mwaka huu yameacha." Akaondoka na viatu vyake vilivyolowa maji.

Wauguzi nao, kila mmoja profesa.

4 Mei

Mvua imepungua. Nje kuna jua.

Saa saba mchana nilikuwa korido na Bwana Barafu. Nilikula naye kwa sababu wengine siku hizi wananyamaza nikikaribia. Alikuwa anakula na kunung'unika kwamba mke wake alinunua nyanya nyingi, akazitia zote kwenye friza ili zisioze. "Leo kazitoa, zimekuwa uji! Nyanya ilikuwa ngumu kama ngumi. Barafu ikishaingia ndani inapasua. Nimemwambia, mama, mimi nakaa na mafriza miaka yote hii, ungeniuliza kwanza."

Niliacha kutafuna.

Sampuli zangu zote ishirini na nne nilizitoa kwenye friza. Ziligandishwa zikiwa mbichi, bila kutiwa chochote cha kulinda, kwa sababu kwa kusoma vinasaba peke yake si lazima. Barafu ikishaingia ndani inapasua. Bakteria anayeingia friza akiwa hai anatoka ukuta umetoboka. Rangi inamwingia. Nami nahesabu mfu.

Hili ni jambo la wiki ya kwanza. Nimewafundisha wanafunzi wasio na idadi: rangi kwanza, friza baadaye. Nilikuwa naliandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Na kile kipimo cha kulinganishia, nilichosema nitafanya baadaye, ndicho ambacho kingeniambia.

Labda sivyo. Labda wamekufa kweli. Kesho nitapima.

5 Mei

Nimechukua unga wenyewe kutoka kwenye kopo lililofungwa wakati wa kusimamishwa. Nimeukoroga kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Nusu nimeipima hapohapo kwa rangi. Nusu nimeitia friza, kesho nitaiyeyusha na kuipima vilevile.

6 Mei

Mashine siku hizi iko chini yangu, sikungoja zamu.

Uliopimwa mbichi: walio hai themanini na wanane katika mia. Uliopita friza: wanne.

Unga uko hai, na wakati wote ulikuwa hai. Wafu wale niliwaua mimi, kisha nikaandika barua ya kulalamika kwamba wamekufa.

Napiga mstari mmoja kwenye ukurasa wa 9 Aprili. Unasomeka.

7 Mei

Leo nimekaa kimya. Naandika ili isomeke.

Nilikuwa na simu ya mwanamke mkubwa wa kamati mezani tangu asubuhi. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, na kila nilipoinua simu nilisikia maji yakimiminwa kwenye bakuli na sauti ikisema hebu nawa tena. Nilijiambia, wacha akae nyumbani wiki mbili nyingine, aonje. Hakuna anayejua ila mimi na Bwana Barafu, na Bwana Barafu hajui kwamba anajua. Nikajiambia kwamba kosa la kweli ni lake yeye ambaye hakupima tangu mwanzo, hilo nalo ni kweli, na ukweli huo nikautafuna kutwa nzima.

8 Mei

Sista amepiga simu saa mbili asubuhi kuomba kipimo cha haraka cha damu. Kitanda cha nne. Tumbo limevimba tangu jana jioni, halishiki maziwa.

Jana jioni.

9 Mei

Jana, Sista alipokata simu, niliipigia kamati. Leo imenijibu: unga haurudishwi kwa neno la mdomo. Inahitajika barua ya kusahihisha ile ya kwanza, na saini ya mwenye utafiti. Mwenye utafiti ni wifi. Nikaenda kwake.

Mlango alinifungulia mwenyewe, na kitenge kiunoni. "Karibu wifi," akasema, akidhani nimemletea habari za ofisini, au chakula. Sebuleni meza imejaa karatasi zake. Alikuwa anatafuta usiku na mchana wapi bakteria wake walikufa. Ameandika orodha ya barabara yote, kutoka kiwandani mpaka wodini, amepima joto la kila gari.

Nikampa majibu yangu mawili, la mbichi na la friza. Alisoma akiwa amesimama. Nilimwona anaelewa.

"Barua ile," akasema taratibu. "Aliyeandika alizitoa kwenye friza."

"Ndiyo."

"Bila kulinganisha na kilicho hai."

"Ndiyo."

"Nimekaa siku kumi na mbili najiuliza ni mjinga gani. Nikasema atakuwa mtu wa nje, maana hapa kwetu wote wamefundishwa na..." Akapiga kelele, "Wewe! Wewe uliyenirudisha mezani mara kumi na moja, nalia, kwa sababu nilisahau kipimo cha kulinganishia!"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Unaijua sababu. Mpira wa friza ulikuwa umelika na ulijua."

Nilitegemea akane. Niliyapanga maneno yangu tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya siku atakayokana. Akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ileile. Ingekuwa kosa la vifaa, kamati ingefunga utafiti mpaka vinunuliwe vipya, na wewe unajua vifaa hapa vinanunuliwa kwa miaka mingapi. Likiwa kosa la mtu, wanahamisha mtu. Nikakuhamisha wewe. Watoto wakaendelea kula."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Nisingekubali.

"Na kuninawisha mikono mbele ya watoto wangu? Hilo nalo lilikuwa la watoto njiti?"

"Hapana. Hilo lilikuwa langu," akasema. "Nilikuwa nakuonea haya, na ukimwonea mtu haya unamchukia. Sista amenipigia juu ya kitanda cha nne. Anaendeleaje?"

"Mbaya."

Akainuka, akachukua kalamu, akaniwekea karatasi juu ya orodha zake. "Andika. Na safari hii weka jina lako."

Nimemchukia nikiwa naandika. Nimemchukia kwa sababu hakuomba msamaha, na kwa sababu hakupaza sauti tena, na kwa sababu alinisahihisha kwenye mstari wa tatu na alikuwa sahihi.

11 Mei

Kamati. Nilisimama nikasema barua ile ni yangu. Mwanamke mkubwa akaniuliza kama nilijua kosa langu kabla ya tarehe tisa. Daftari hili lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikasema ndiyo, tangu tarehe sita.

Unga umerudi wodini leo saa kumi. Siku kumi na nne.

12 Mei

Mume wangu amelala kwa mama yake.

16 Mei

Kitanda cha nne amepasuliwa. Wamekata kipande cha utumbo. Anapumua kwa mashine. Nilimuuliza Sista kama unga ungezuia, akasema, "Wengine waliupata wakaugua, wengine hawakuupata wakapona. Unataka nikuambie nini?"

Nilitaka aniambie lolote.

19 Mei

Kamati iliandika nifukuzwe. Wifi, ambaye amerudishwa ofisini, alikataa. Nilidhani huruma, nikaenda kumwambia siitaki huruma yake.

"Huruma gani?" akasema, bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kukufukuza ni kukupumzisha. Utarudi meza ya tatu. Utapima kwa rangi kila mtoto, kila siku, kinyesi kibichi, ndani ya saa moja tangu kitoke, mpaka utafiti uishe. Miezi kumi na minne. Kikichelewa dakika moja nitakurudisha dirishani mbele ya wanafunzi. Kamati ilitaka ushahidi kwamba wako hai. Utawapa wewe."

"Na mpira?"

"Nimeandika barua. Yangu pia ina jina." Hapo ndipo aliponitazama. "Usidhani tumekuwa marafiki."

"Sikudhani."

25 Mei

Sampuli kumi na tatu. Hai, hai, hai. Miguu imevimba kwa kukimbia ngazi za wodini. Wifi anasimama nyuma yangu na saa.

29 Mei

Mvua hakuna tena. Mume wangu amerudi, analala upande wa ukutani.

2 Juni

Sista alikuwa na mtoto mwingine mkononi, kwa hiyo kikopo cha kitanda cha nne kililetwa na mama yake mwenyewe. Sikuwahi kumwona. Msichana tu, kanga imefungwa kifuani, anatembea kwa uangalifu kama mtu mwenye mshono. Wifi alikuwa mlangoni na saa yake.

"Wameniambia nikimbie," mama yule akasema akihema. "Ametoka kwenye mashine juzi. Hiki ni cha kwanza tangu wamkate. Asante dada, Sista anasema wewe ndiye unayehangaika nao kila siku. Mungu akulipe."

Nilinyoosha mkono kupokea.

"Mwambie," wifi akasema.

Nilimgeukia. Uso wake haukuwa na utani wowote.

"Mwambie, wifi. Au nimwambie mimi."

Nilimwambia. Nilimwambia unga ulisimama siku kumi na nne kwa sababu ya barua, kwamba barua niliandika mimi, kwamba nilikosea kipimo, na kwamba siku moja kati ya hizo nilijua nimekosea nikanyamaza. Sikumtajia friza wala mpira. Hayo hayakuwa yake.

Alisikiliza mpaka mwisho, kikopo bado mkononi mwake.

"Angeupata asingeugua?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

Akamtazama wifi. Wifi akatikisa kichwa.

"Na sasa anaupata?"

"Kila asubuhi."

Akaweka kikopo mezani, mbele yangu, akakisukuma kwa vidole viwili.

"Basi pima," akasema. "Mimi na wewe tutazungumza akishatoka humu. Usidhani nitasahau."

Kikopo kilikuwa bado na joto. Dakika kumi na saba. Nikapima.